Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani: Kipi ni cha Awali?

Msikiti huu haukujengwa kwa mkupuo mmoja. Ukumbi mdogo wa kaskazini, wenye mihrabu, ndio wa kwanza: ni wa karne ya 11 au 12. Ukumbi mkubwa wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta hapa mwaka 1331.

Tazama nguzo kwa makini, maana ndizo shahidi bora kuliko zote. Mafundi wa al-Hasan walichonga nguzo nzima kutoka bonge moja la tumbawe, lililokatwa baharini likiwa bado laini. Paa lao liliporomoka. Katika karne ya 15 ukumbi ulijengwa upya, safari hii kwa nguzo za pembe nane za mawe yaliyoungwa kwa chokaa, zikibeba matao na kuba. Kwa hiyo kipande cha nguzo kisicho na kiungo ni cha ujenzi wa al-Hasan. Penye viungo, ni kazi ya waliofuata.

Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, alitafuta umri chini ya sakafu. Sarafu za shaba za Kilwa zina jina la mtawala bila mwaka, hivyo vigae vya China na Uajemi vilisaidia sana: sakafu haiwezi kuwa kongwe kuliko kigae kilichofukiwa chini yake.

Ukiona kigae, tafadhali kiache kilipo. Kikihamishwa, ushahidi wa tabaka lake hupotea.