Ini Lenye Mafuta: Nani Yuko Hatarini Kupata Ugonjwa Mkubwa wa Ini?

Umempeleka mama mkwe kupimwa, au umekwenda mwenyewe kwa sababu ya maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Majibu ya ultrasaundi yanasema ini lina mafuta. Mnaambiwa mpunguze mafuta kwenye chakula, mnarudi nyumbani, na maswali yanaanza huko: je, ni saratani? Je, linapona?

Watu wengi wenye ini lenye mafuta hawafiki kwenye ugonjwa mkubwa wa ini. Wachache wanafika. Tatizo ni kwamba ini haliumi sana likiharibika, kwa hiyo usisubiri maumivu yakuambie umo kundi gani.

Ugonjwa unavyosonga mbele

Mafuta kidogo ndani ya ini si tatizo. Yakizidi asilimia 5 ya ini ndipo tunasema ini lina mafuta. Kwa wengi hali huishia hapo. Kwa takribani mtu mmoja kati ya wanne au watano, mafuta hayo huleta uvimbe wa ndani. Uvimbe ukidumu, ini hujitibu kwa kuweka makovu, kama ngozi iliyoungua. Makovu yakienea ini zima, linakuwa gumu na lenye mabonge mabonge. Hiyo ndiyo sirosisi, na kuanzia hapo hatari ya saratani ya ini inapanda sana.

Mwendo huu ni wa polepole. Madaktari hupima makovu kwa hatua, kuanzia 0 hadi 4. Tafiti za vipande vya ini zimeonyesha kuwa hatua moja huchukua wastani wa miaka 14 kwa mwenye mafuta tu, na miaka 7 kwa mwenye mafuta pamoja na uvimbe. Wapo wanaokwenda haraka kuliko hapo. Jambo jingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba, kabla ini halijashindwa, mara nyingi moyo ndio unaotangulia. Kwa hiyo shinikizo la damu na kisukari vitibiwe vizuri.

Nani awe makini zaidi

Mwenye kisukari aina ya pili yumo mstari wa mbele. Wanafuata wenye tumbo kubwa, shinikizo la damu, na umri unaozidi miaka 50. Mwembamba naye anaweza kupata, hasa kama ana kisukari.

Halafu kuna pombe. Iringa msimu wa mvua ulanzi ni mwingi na bei yake ni ndogo. Mbeya kuna komoni na kimpumu. Wengi wanaona pombe ya kienyeji ni kama uji. Ini halitofautishi: pombe ni pombe, na ikikutana na mafuta yaliyokwishajaa, makovu huja haraka zaidi. Kama umeambiwa ini lako lina mafuta, ushauri wetu ni kuacha kabisa. Ulanzi pia huendelea kuchacha baada ya kugemwa, kwa hiyo ule mtamu wa asubuhi si wa kumpa mtoto.

Homa ya ini B ni mzigo mwingine juu ya ini hilohilo. Chanjo yake iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo huenda hukuchanjwa, omba kupimwa. Na kwa kuwa Iringa, Njombe na Mbeya zina watu wengi wanaoishi na VVU, kumbuka kuwa baadhi ya wanaotumia ARV huongezeka uzito. Usiache dawa. Mweleze mhudumu wa kliniki.

Chakula

"Punguza mafuta" ni ushauri nusu. Ini lenyewe hutengeneza mafuta kutokana na sukari na wanga uliozidi. Soda, juisi za paketi, chai yenye vijiko vinne vya sukari na mlima wa ugali wa sembe vina kesi kubwa kuliko parachichi la Rungwe. Punguza ugali, ongeza maharage na mboga za majani. Chipsi ziwe za siku moja moja. Kahawa isiyo na sukari imehusishwa na makovu machache ya ini. Sisi tunailima, kisha tunakunywa chai.

Chambua mahindi na karanga kabla ya kusaga. Sumukuvu huleta saratani ya ini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 au 5, mafuta ya ini hupungua. Akifikia kilo 7 hadi 9, uvimbe nao hutulia, na hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Usitafute njia ya mkato kwenye dawa za kienyeji za "kusafisha ini". Baadhi ya mitishamba huliharibu.

Watoto

Mtoto mnene anaweza kuwa na ini lenye mafuta. Tazama shingo yake: weusi ulionenepa usiotoka hata ukisugua kwa dodoki si uchafu, mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri. Usimsugue, mpeleke akapimwe.

Mtoto mwenye kwashiakoo naye ini lake hujaa mafuta, ila kwa njia tofauti, na hupona akilishwa vizuri. Hili si dogo kwetu: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, mkoa wa kwanza nchini, pamoja na mahindi yote tuliyonayo.

Omba vipimo gani?

Ultrasaundi huonyesha mafuta lakini haionyeshi makovu ya mwanzo. Muulize daktari kuhusu FIB-4. Ni hesabu tu, inayotumia umri wako na vipimo vitatu vya damu: ALT, AST na chembe sahani. Kwa mtu wa miaka 35 hadi 65, jibu chini ya 1.3 linamaanisha uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Likizidi, omba rufaa ya kuonana na daktari bingwa. ALT ikiwa ya kawaida peke yake haitoshi kukutuliza.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona macho ya njano, tumbo kujaa maji, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mgonjwa kuchanganyikiwa na kulala mchana kutwa. Nenda hospitali siku hiyohiyo.