Muziki wa gitaa kavu wa Katanga

Muziki wa gitaa kavu wa Katanga ni mtindo wa kupiga gitaa lisilotumia umeme uliokua katika miji ya migodi ya shaba, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika karne ya 20. Kwa kawaida mtu mmoja hupiga na kuimba, mara nyingi kwa Kiswahili. Nchini Tanzania gitaa la aina hii huitwa pia galatoni.

Asili

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville (leo Lubumbashi) mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), Rwanda na Burundi. Kwa kuwa hawakuwa na lugha moja ya asili, Kiswahili kilienea kambini kikawa lugha ya kazi, ya nyumbani na ya nyimbo.

Upigaji

Mpigaji hutumia kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Gumba hushika besi kwenye nyuzi nene, na shahada hupiga sauti za juu. Midundo hiyo miwili hupishana, hivyo msikilizaji anaweza kudhani kwamba wapigaji ni wawili. Katika bluzi ya Delta ya Mississippi, nchini Marekani, mwanamuziki mmoja pia hubeba besi, sauti za juu na uimbaji.

Mwenda Jean Bosco

Mpigaji mashuhuri zaidi ni Mwenda Jean Bosco (1930–1990), aliyejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke. Alitoka Bunkeya, mji mkuu wa zamani wa Msiri, mtawala wa Bayeke aliyeuawa mwaka 1891. Asili ya Bayeke ni Unyamwezi, katika Tanzania ya leo.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda mjini Jadotville (leo Likasi). Wimbo wake "Masanga" ulisambaa kwa santuri mbali na Kongo. Mwaka 1969 alipiga katika tamasha la Newport, Marekani. Alifariki katika ajali ya gari.

Athari

Mwenda na mwenzake Edouard Masengo walifanya kazi pia Nairobi, ambako upigaji wao uliigwa na vijana wengi. Nchini Kenya, George Mukabi (aliyefariki 1963) alikuza upigaji wa vidole wa kwake mwenyewe. Baadaye gitaa la umeme na bendi kubwa vilichukua nafasi ya mpigaji wa peke yake.