Data za zamani za opsheni: soma kabla hujalipia "mbinu"

Kuna jamaa wanauza "mbinu" za kucheza opsheni za Marekani, eti haikosei. Kabla hujatoa hela yako ya jasho, jua kwamba mbinu hiyo inaweza kupimwa.

Opsheni ni nini?
Ni kama arabuni ya kiwanja. Unalipa ada leo, unapata haki ya kununua hisa kwa bei mliyokubaliana mpaka tarehe fulani. Bei isipopanda, haki inakufa na ada imeliwa. Ipo pia opsheni ya kuuza, ambayo hulipa bei ikishuka. Mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100.

Soko lenyewe
Ni Chicago Board Options Exchange, leo linaitwa Cboe. Lilifunguliwa tarehe 26 Aprili 1973 kwa hisa za kampuni 16, na siku hiyo iliuzwa mikataba 911. Opsheni za kuuza zilianza 1977.

Wanauza data gani?
Kwenye duka lao la mtandaoni, DataShop, unanunua rekodi za miaka iliyopita: bei anayotoa mnunuzi, bei anayotaka muuzaji, na idadi ya mikataba iliyouzwa. Faili la kila siku lina bei za saa 9:45 alasiri ya New York na za wakati wa kufunga.

Angalia bei zote mbili, mdau. Tuseme muuzaji anataka dola 1.20, mnunuzi anatoa dola 1.00. Ukinunua mkataba mmoja na kuuuza papo hapo, umelipa 120 umepata 100. Dola 20 zimeyeyuka na soko halijasogea! Wauza mbinu wengi hawakuonyeshi hilo.

Cha bure je?
Kipo. Takwimu za VIX, kipimo cha woga wa soko, Cboe wanazitoa bure kuanzia 1990. Tarehe 16 Machi 2020, wakati wa korona, VIX ilifunga kwa 82.69. Mtu anayeuza opsheni hukusanya ada ndogo ndogo miezi kibao, halafu siku kama hiyo inafagia zote.

Kwa hiyo ukiletewa mbinu, uliza swali moja tu: Machi 2020 ilifanyaje? Akianza kubabaika, funga mfuko.

Ni hayo tu. Aliyewahi kupima mbinu aliyouziwa, atumwagie matokeo hapo chini.