Mzigo wa Upepo na Mzigo wa Theluji

Kwa mhandisi wa majengo, mzigo ni kani yoyote ambayo jengo halina budi kuihimili. Uzito wa kuta na paa ni mzigo wa kudumu. Watu na samani ni mzigo wa matumizi. Upepo na theluji huhesabiwa kando, kwa kuwa huja na kuondoka.

Mzigo wa theluji hukandamiza. Theluji iliyoanguka punde huwa na kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo. Ikishindiliana na kulowa, hupita 300. Kwa hiyo kupima kina chake pekee hakutoshi. Mteremko wa paa nao una uzito wake katika hesabu: kanuni za Ulaya hazilihesabii theluji paa lenye mteremko wa nyuzi 60 au zaidi, mradi hakuna kinachoizuia kuteleza. Paa bapa hubaki na sehemu yake kubwa. Tarehe 28 Januari 2006, paa la ukumbi wa maonyesho wa Katowice, Poland, liliporomoka likiwa limeelemewa na theluji na barafu, watu 65 wakafa. Kasoro za usanifu nazo zilichangia.

Mzigo wa upepo wengine huuita "nguvu ya upepo". Istilahi hiyo haitoshi. Nguvu ni ya upepo wenyewe, ilhali mzigo hutegemea pia jengo: kimo chake, umbo lake, hata mlango ulioachwa wazi. Kasi ikiongezeka maradufu, kanieneo huongezeka mara nne. Upepo wa mita 40 kwa sekunde huleta takriban nyutoni 980 kwa kila mita ya mraba, sawa na uzito wa kilo 100.

Tena upepo hausukumi tu. Unapopita juu ya paa hulifyonza, hasa kwenye kingo na pembe, na upepo ulioingia ndani hulisukuma kutoka chini. Kwa hiyo "mzigo" hapa waweza kuinua badala ya kulemea, na paa jepesi la mabati ndilo huathirika zaidi.

Pwani yetu haina theluji, lakini kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha nyumba na mikarafuu Unguja. Unayejenga leo, usimuulize fundi tu kama kuta zitalibeba paa. Muulize pia kenchi zimefungwaje ukutani zisinyanyuke.