HISTORIA NYUMA YA JINA, Sehemu ya 5: ADA

Leo jina letu ni Ada.

Najua ukisikia ada unafikiria Januari na karatasi ya malipo ya shule 😅. Lakini dunia ina Ada nyingi. Kwa Waigbo wa Nigeria, Ada ni binti wa kwanza wa nyumba. Ghana kuna Ada pale Mto Volta unapoingia baharini. Serbia kuna mji wa Ada kando ya mto Tisza, na kwa Kituruki neno hilohilo ni kisiwa.

Marekani ndiko nataka tusimame kidogo. Ada ya Oklahoma ilipata jina kutoka kwa Ada Reed, binti wa mmoja wa walowezi wa mwanzo wa pale. Ada ya Minnesota ilipewa jina la binti wa bosi wa reli. Yaani baba anamtazama binti yake, anaamua mji mzima uitwe kwa jina lake. Mabinti wenyewe walikuwa hawajafanya lolote la kuandikwa, walipendwa tu.

Sasa kuna Ada nyingine, ambayo si mji. Ni lugha ya kompyuta. Na huyu aliyeipa jina, baba yake hakumlea hata siku moja ya utoto wake baada ya wiki zile za mwanzo.

👶 Ada alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815. Baba yake ni Lord Byron, mshairi aliyekuwa maarufu kuliko wote Uingereza wakati huo, na mwenye vituko vingi. Mtoto akiwa na mwezi mmoja tu, mama yake, Annabella, alimbeba akaondoka kwa mumewe. Miezi michache baadaye Byron akaihama Uingereza, asirudi tena akiwa hai. Alifia Ugiriki mwaka 1824, Ada akiwa na miaka 8.

Annabella alikuwa mama wa aina yake. Yeye mwenyewe alipenda hesabu mno, hadi Byron alimtania kwa kumwita binti mfalme wa misambamba. Aliogopa mtoto asije akarithi tabia za baba, basi dawa aliyoichagua ni hesabu. Akamtafutia walimu tangu mdogo, zama ambazo msichana wa tabaka lake alifundishwa zaidi kushona, kuimba na kucheza piano. Alikuwa mkali, na mara nyingi hakuwepo nyumbani. Simpambi. Lakini mlango aliomfungulia binti yake, wasichana wengi wa wakati ule hawakuwahi hata kuuona.

Akiwa na miaka 12 Ada alikuwa anachunguza mabawa ya ndege ili atengeneze mashine ya kuruka. Halafu mwaka 1829 akapata surua.

Hapa naomba msome polepole. Surua ilimwacha Ada hawezi kutembea. Alilala kitandani karibu mwaka mzima, na hadi 1831 alikuwa bado anatembea kwa magongo. Huyu alikuwa mtoto wa familia tajiri, mwenye madaktari. Pesa haikumsaidia kwa sababu chanjo haikuwepo. Chanjo ya kwanza ya surua iliruhusiwa kutumika mwaka 1963, zaidi ya miaka 130 baadaye.

Mwanao anaipata akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Ile ya pili ndiyo akina mama wengi tunaisahau, maana mtoto keshakimbia, kadi imeingia kabatini. Hebu itoe uiangalie. Surua inaweza kuleta nimonia, upofu, hata kuvimba ubongo. Si vipele tu vya kusubiri vipite.

📖 Tuendelee. Mwaka 1833, Ada akiwa na miaka 17, alikutana na Charles Babbage, mtaalamu aliyekuwa akibuni mashine za kukokotoa. Miaka miwili baadaye akaolewa, na mumewe alipopewa cheo cha Earl wa Lovelace, yeye akawa Countess. Akazaa watoto watatu kati ya 1836 na 1839. Baada ya kumzaa wa pili aliugua kwa miezi. Alipopata nafuu alirudi kwenye hesabu, akitumia mwalimu kwa njia ya barua.

Mwaka 1843 akatafsiri makala ya Kifaransa kuhusu mashine mpya ya Babbage, akaongeza maelezo yake mwenyewe. Maelezo yakazidi makala yenyewe kwa urefu karibu mara tatu! Ndani yake akaonyesha hatua kwa hatua jinsi mashine ingeweza kukokotoa namba ngumu za Bernoulli, na akaeleza kuwa siku moja mashine kama hiyo ingeweza kushughulika hata na muziki. Wakati huo mwanawe mkubwa ana miaka 7, mdogo 4. Alitia sahihi A.A.L. tu. Wengi humwita mtayarishaji programu wa kwanza duniani. Wengine wanabisha, wakisema Babbage alishaandika hatua za namna hiyo kabla yake. Mashine yenyewe haikukamilika.

Ada alifariki 27 Novemba 1852 kwa saratani ya mfuko wa uzazi, akiwa na miaka 36, umri uleule aliofia baba yake. Akazikwa kando yake, kama alivyotaka. Mama mwenzangu, damu inayotoka katikati ya mwezi, baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usiinyamazie. Nenda kituoni ukapimwe.

💻 Miaka ya 1970 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imechoka na utitiri wa lugha za kompyuta, ikataka moja ya kutegemewa. Kikosi cha Jean Ichbiah, kilichofanya kazi Ufaransa, ndicho kilichoshinda, na lugha ikaitwa Ada. Kanuni zake zikapewa namba 1815, mwaka aliozaliwa, zikapitishwa 10 Desemba 1980, siku yake ya kuzaliwa.

Hutumika kwenye ndege na treni, mahali ambapo kosa dogo linaua. Ni lugha kali: ukishaiambia hii ni miligramu na hii ni mililita, haikubali uzichanganye. Sisi jikoni usiku wa manane, na chupa ya dawa ya homa mkononi, hatuna wa kutukatalia. Soma chupa: miligramu ngapi ndani ya mililita 5? Pima kwa kipimo kilichokuja na dawa, si kijiko cha chai.

Basi mama, ukimwita bintiyo Ada, umempa jina zuri. Ukimfundisha hesabu bila kumwambia "hizo za wavulana", umempa zaidi. Na leo kabla hujalala, angalia kadi yake.

Sehemu ya 6 inakuja Jumapili. Mtumie na mwenzio mwenye mtoto mdogo 🙏🏾