Besi ya Ukambani Ilienda Wapi? Simu Yako Imeificha

Weka simu mezani. Usivae kitu masikioni, usiunganishe na spika ya nje. Tafuta wimbo wowote wa Les Kilimambogo Brothers, ule wa kwanza utakaotokea, kisha ongeza sauti mpaka mwisho. Unasikia gitaa. Unasikia gitaa lingine juu ya lile la kwanza. Unasikia Kakai Kilonzo akiimba na ngoma ikigonga tu, tu, tu. Sawa. Sasa niambie besi inapiga nini.

Ee, hata mimi nilikwama hapo.

Nimekulia Wote, na mpaka nafika miaka 19 niliamini benga ya Wakamba ni muziki mwembamba, wa magitaa ya kulia-lia, wa wazee kwenye matatu ya kwenda Emali. Halafu likizo moja nikaenda kwa mjomba wangu Kitui. Ana santuri za kitambo na maboksi mawili ya spika aliyotengenezewa na fundi wa mbao, kila boksi na spika moja ya inchi 15. Akaweka wimbo ule ule niliokuwa nao kwenye simu. Maze, dirisha lilitetema. Kumbe ndani ya ule wimbo kulikuwa na mtu mzima ambaye hatukuwahi kukutana. Anatembea, anaruka, anamjibu mwenye gitaa, ananyamaza kidogo, anarudi. Miaka yote hiyo nilikuwa nasikiliza wimbo nusu.

Hesabu yake ni rahisi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi, ule wa E, ukiupiga bila kubana hutetema mara 41 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8, yaani ni refu kuliko matatu ya watu 14. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha. Haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa kitu kama hicho. Inachofanya ni kutoa zile sauti za juu zinazoambatana na noti, halafu ubongo wako unajikisia zilizobaki. Kwa hiyo msee anayesema besi ya benga ni dhaifu huenda hajawahi kuisikia hata siku moja.

Twende nyuma kidogo.

Kabla ya gitaa la besi kufika huku, besi ilikuwa kidole gumba. Vita Vya Pili vya Dunia vilichukua vijana wengi wa Kikamba kuingia King's African Rifles, na askari waliporudi, gitaa halikuwa tena chombo cha ajabu. Fundi Konde wa Pwani alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi hilo hilo. Miaka ya 50 mtu mmoja na gitaa lake la boksi alikuwa bendi nzima: kidole gumba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Mwenda Jean Bosco wa Katanga aliishi Nairobi kwa muda kuelekea 1960, akasikika hadi kwenye matangazo ya dawa ya Aspro, na vijana wengi walijifunza kwa kumwiga. Gitaa la besi la umeme, ambalo Leo Fender alianza kuliuza Marekani 1951 kwa jina la Precision Bass, lilipofika kwetu lilikuja kuchukua kazi ya kidole gumba.

Benga ikalipa kazi zaidi. Miaka ya 60, bendi za Nyanza, Shirati Jazz ya D. O. Misiani ikiwa mbele, zilifanya besi ipige noti fupi za haraka, za kukatwa, zenye mapengo ya makusudi. Ukambani tukachukua hiyo tukaifanya yetu. Gitaa la mdundo likawa linazunguka bila kusimama kama gurudumu, na gitaa la pili likapanda juu kabisa kupiga noti ndogo za kasi zinazojaza kila pengo. Sasa fikiria: magitaa mawili yako juu, ngoma kubwa inagonga kila pigo, na katikati kuna nafasi tupu kama uwanja wa soko siku isiyo ya soko. Uwanja huo wote ni wa mpiga besi.

(Kabla mtu hajaniandikia kwamba Kilimambogo si Makueni wala Kitui: najua, ule mlima uko upande wa Thika na Machakos. Lakini Makueni yenyewe ilikatwa kutoka Machakos 1992. Bendi za miaka ya 70 na 80 zilizoitwa za Machakos zilikuwa za kwetu pia. Lower Mbooni Boys walijiita hivyo kwa sababu gani, na Mbooni iko wapi?)

Sasa nadharia yangu, na mko huru kuipinga. Zile noti fupi si mtindo tu, ni vifaa pia.

Angalia nyuzi. Uzi wa besi ni waya wa chuma uliozungushiwa waya mwingine. Ukizungushiwa utepe bapa, uzi unakuwa laini mkononi na sauti yake ni nzito, ya mviringo, inakufa upesi. Tuziite nyuzi bapa. Ukizungushiwa waya wa duara, unakwaruza kama tupa ndogo na sauti inang'aa kama ya piano, inakaa muda mrefu. Rotosound ya Uingereza ilizipa umaarufu hizi za duara katikati ya miaka ya 60, ikisaidiwa na John Entwistle wa The Who aliyetaka besi yake isikike kama umeme. Kwa mpiga besi wa soko la kijijini, uzi ulikuwa uzi. Ukikatika ndipo unatafuta mwingine, na kuutafuta ni safari ya Nairobi. Kwa hiyo nyuzi zilikaa mwaka, miaka miwili, zikajaa jasho na vumbi la Kitui, na uzi mzee hautoi tena ile sauti ya kung'aa. Unatoa “tum”, basi.

Msione hiyo ni umaskini tu. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi bapa nene na alijulikana kwa kutozibadilisha. Sauti aliyoilinda kwa makusudi, wazee wetu waliipata kwa sababu basi la Nairobi lilikuwa nauli.

Halafu stima. Masoko mengi ya Kitui na Makueni hayakuwa na stima wakati huo. Bendi ilibeba jenereta, na jenereta dogo lina mgao wake: magitaa, sauti ya mwimbaji, besi, wote wanakunywa kwenye kikombe kimoja. Na besi ndiyo inayokunywa zaidi. Masikio ya binadamu ni mazito kwa sauti za chini, kwa hiyo ili besi isikike sawa na gitaa inahitaji nguvu nyingi sana kuliko gitaa. Tena ili sauti ionekane imeongezeka maradufu, nguvu lazima iongezeke karibu mara 10. Wakati Ampeg wanatoa amplifaya yao ya SVT 1969, wati 300, kichwa peke yake kilikuwa na uzito wa karibu kilo 40. Nani angeipandisha hiyo milima ya Mbooni, na ingekula petroli ya nani?

Sasa weka bendi hiyo ndani ya ukumbi wa mabati. Noti ndefu ya chini chini ya mabati inageuka kuwa ngurumo, hujui ni besi au ni lori linapita. Noti fupi ndiyo inayosikika. Piga, kata, acha nafasi, piga tena. Kwa maoni yangu wale jamaa walikuwa mafundi wa sauti bila kuitwa hivyo. Walijua amplifaya yao haiwezi kubeba noti ndefu, wakatengeneza mtindo usiohitaji noti ndefu.

Studio nayo ikaongeza yake. Santuri ya inchi 7 ya mizunguko 45 ina nafasi ndogo, na besi kubwa hupanua mfereji ambao sindano inapita, kwa hiyo wakataji wa santuri huipunguza kidogo ili wimbo utoshee. Ndiyo maana pia nyimbo nyingi za benga ziligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Ushauri wangu: anza na upande wa pili. Waimbaji wamemaliza maneno, magitaa yamewaka, na besi ndiyo imeshika usukani.

Kuna kitu kinaniuma hapa. Naweza kukutajia Kakai Kilonzo, aliyetamba kuanzia katikati ya miaka ya 70 mpaka alipofariki 1987. Naweza kukutajia Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Onesmus Musyoki wa Kalambya, na wale Kalambya Sisters waliotikisa nchi na “Katelina”. Wewe nitajie mpiga besi mmoja wa Ukambani wa miaka hiyo. Mmoja tu. Chukua santuri za mjomba wangu: jina la bendi lipo, jina la mtunzi lipo, nembo ya kampuni ipo. Mtu aliyetetemesha dirisha hayupo. Nilipomuuliza mjomba ni nani huyo, akacheka, akasema, “Huyo alikuwa wa besi.” Kama vile hilo ndilo jina.

Na leo tunamfuta mara ya pili. Kwenye arusi na mikutano ya maombi nyingi ninazoenda, besi inapigwa na mkono wa kushoto wa mwenye kinanda, au imeshapangwa ndani ya mashine. Ni rahisi, ni mtu mmoja wa kulipwa badala ya wawili, naelewa. Lakini mashine haijui kunyamaza ile nusu pigo kabla gitaa halijapanda. Juzi nilialikwa kupiga kwenye sherehe moja, jamaa wa mitambo akachomeka besi yangu moja kwa moja kwenye mikisa, hakuna spika yoyote upande wetu wa jukwaa. Nilipiga saa mbili nzima bila kujisikia. Baadaye mtu akaniambia, “Hiyo gitaa yako ya nyuzi nne ilikuwa imezimwa?”

Kwa hiyo mkiniuliza mnunue nini, jibu langu limetoka kwenye historia hii yote. Unataka kupiga benga yetu, anza na nyuzi bapa. Ni ghali kuliko zile za duara, lakini zinakaa miaka, na mtu mwenye doo kidogo anafaa kuhesabu kwa miaka. Zile za duara zikichoka unaweza kuzichemsha, uchafu unatoka na zinang'aa kwa siku chache. Nilifanya hivyo, mama akaingia jikoni akauliza kama siku hizi tunakula nyaya. Sufuria ile sikuruhusiwa kuirudisha kwenye rafu.

Amplifaya, nenda kubwa kuliko unavyofikiri unahitaji. Siku hizi kichwa cha wati 500 hakifiki kilo 3, kitu ambacho wale wazee wangekiita uchawi. Usitumie amplifaya ya gitaa la kawaida kwa besi, spika yake itapasuka koni. Boksi la spika, kama utapata la inchi 15 au mawili ya inchi 10 yaliyojengwa na fundi anayejua kupima, chukua. Mbao nene, zisizocheza, bila mianya ya bahati mbaya. Na tafadhali soma omu. Mimi niliunganisha maboksi mawili ya omu 4 kwenye amplifaya iliyoandikwa nyuma kabisa, kwa herufi ndogo, isishuke chini ya omu 4. Mawili sambamba yanakuwa omu 2. Moshi ulianza wimbo wa tatu. Fundi wa Kitui alifungua, akanitazama, akafunga tena bila kusema neno.

Mjomba amenipa seti ya nyuzi alizozikuta kwenye droo yake, bapa, nyeusi kwa uzee, hajui zilikuwa za nani. Nimezifunga kwenye besi yangu. Wikendi iliyopita nikabeba kila kitu mpaka kwa susu wangu Mbooni, nikachomeka sebuleni, nikaanza kufuatisha upande wa pili wa santuri ile ile. Susu alikuwa nje anachambua pojo. Hakuingia kusikiliza. Lakini nilipochungulia dirishani, ungo ulikuwa chini, na bega lake la kulia lilikuwa linafuata besi, si gitaa.