Mafuta, Vumbi na Fundi: Historia ya Kusafisha Saa ya Mfukoni

Saa ya mfukoni ya springi haiendi bila mafuta, na mafuta hayohayo ndiyo huja kuisimamisha. Katika saa nyingi za mwishoni mwa karne ya 19, gurudumu la mizani lilipiga mara 18,000 kwa saa moja, sawa na mara 432,000 kwa siku, likiwa limeegemea ncha mbili za chuma nyembamba kuliko pini ya kushonea. Tone la mafuta kwenye kila ncha huzidi kuwa zito kadiri muda unavyopita, hunasa vumbi, kisha hugeuka kuwa kama msasa unaokula chuma. Ndiyo maana fundi saa wa kawaida aliishi zaidi kwa kusafisha kuliko kwa kuunda.

Saa za kubebwa mwilini zilianza kuonekana Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 16. Fundi anayetajwa sana ni Peter Henlein wa Nuremberg. Zilikuwa mapambo ya matajiri, na zilikosea sana kwa siku moja, kwa hiyo uchafu kidogo haukumkera mtu. Mambo yalibadilika mwaka 1675, Mholanzi Christiaan Huygens alipotangaza springi nyembamba iliyoviringwa kwenye gurudumu la mizani. Makosa yakashuka hadi dakika chache kwa siku. Saa ilipoanza kuaminiwa, ndipo mwenye nayo alipoanza kulalamika ikichelewa.

Chama cha mafundi saa cha London kilipata hati ya kifalme mwaka 1631, na kwa desturi ya vyama vya ufundi vya Uingereza mwanagenzi alikaa kwa bwana wake miaka 7. Kujifunza kukarabati kulikuwa ni kujifunza kuunda. Duka la vipuri halikuwapo: gia ikivunjika jino, fundi alichonga jino jipya kwa tupa, nalo likafaa saa hiyo moja tu. Kumbukumbu za kazi hiyo zimebaki ndani ya saa zenyewe. Mafundi wa karne ya 18 walitia kikaratasi cha duara kati ya kasha la nje na la ndani, chenye jina na mtaa wa duka, na wakati mwingine tarehe ya usafishaji iliyoandikwa kwa mkono nyuma yake. Wengine walikwaruza alama zao kwa sindano upande wa ndani wa kifuniko.

Mwaka 1704, mwanahisabati Nicolas Fatio de Duillier na ndugu wawili wa familia ya Debaufre walipata hataza mjini London ya kutoboa yakuti ili ncha izunguke ndani yake. Kito hakiliki upesi kama shaba, na mafuta hudumu zaidi juu yake. Walipoliomba Bunge liiongezee hataza muda, chama cha mafundi kilipinga, kikaonyesha saa ya zamani iliyotengenezwa na Ignatius Huggeford, yenye kito, kuwa ushahidi kwamba wazo halikuwa jipya. Ombi likakataliwa. Baadaye saa ile ilipochunguzwa, kito kilikutwa ni pambo tu, hakikubeba ncha yoyote. Yaelekea hakuna mbunge aliyeomba bisibisi.

Miaka ya 1760, Jean-Antoine Lépine wa Paris aliliacha bamba kubwa lililofunika magurudumu yote kwa pamoja, akaweka vidaraja vidogo mahali pake. Saa ikawa nyembamba, na fundi akaweza kutoa gurudumu moja bila kuyasumbua mengine.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, mpangilio wa kusafisha ulikuwa umetulia, na anayejifunza leo huufuata karibu vilevile. Kwanza springi kuu hulegezwa: fundi hushika taji au ufunguo, husogeza kizuizi cha gurudumu la kutilia ufunguo, kisha huiachia springi ijifungue polepole vidoleni mwake. Anayeruka hatua hii na kufungua daraja huona magurudumu yakizunguka ghafla kwa kasi, na ncha hukatika papo hapo. Kisha gurudumu la mizani hutolewa, magurudumu mengine hufuata, na vyote huoshwa, enzi hizo kwa benzini. Kila tundu husuguliwa kwa kijiti laini kilichochongwa ncha; kijiti huzungushwa, huchongwa upya, na kurudishwa tunduni mpaka kitoke cheupe. Ncha za chuma huchomwa kwenye kiini laini cha mti ili zitoke bila uchafu. Mwisho ni mafuta, tone dogo kwenye kisahani cha kila tundu. Hapo wanagenzi wengi hukosea kwa ukarimu, kwani tone likizidi hutambaa na kuacha ncha kavu. Meno ya magurudumu hayatiwi mafuta kabisa.

Mafuta bora ya enzi hiyo yalitoka baharini. New Bedford, Massachusetts, mji wa wawinda nyangumi, ndiko Ezra Kelley na William Nye walikouza mafuta ya kichwa na taya za pomboo na nyangumi wadogo, yaliyosifiwa kwa kutoganda kwenye baridi.

Marekani iligeuza pia maana ya ukarabati. Kiwanda kilichofunguliwa Waltham mwaka 1854 kilitengeneza vipuri kwa mashine, na hatimaye fundi wa mji mdogo akaweza kuagiza kipuri kwa namba ya saa badala ya kukichonga. Aprili 1891 treni mbili ziligongana Kipton, Ohio, na ajali hiyo ikahusishwa na saa iliyosimama kwa dakika 4 kisha ikaendelea. Sonara Webb C. Ball wa Cleveland alipewa kazi ya kuweka utaratibu wa ukaguzi. Saa za reli zikatakiwa zisipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki, na baadaye ziwe na angalau vito 17 na zirekebishwe katika mikao 5. Masonara walioteuliwa walizikagua mara kwa mara na kuandika matokeo kwenye kadi ya mfanyakazi. Usafishaji, uliokuwa hiari ya mwenye saa, ukawa sharti la kazi.

Sharti hilo lilihitaji mafundi wengi kuliko wanagenzi wa miaka 7. Geneva ilikuwa na shule ya ufundi saa tangu 1824. Marekani, shule ya Parsons iliyoanzishwa Indiana mwaka 1886 ilihamia Peoria, Illinois, ikawa sehemu ya taasisi ya Bradley. Upande mwingine, kampuni ya Ingersoll iliuza kuanzia 1896 saa ya dola moja, isiyo na vito, ambayo gharama ya kuisafisha ingeweza kuipita bei yake.

Saa ya mkononi iliiondoa ile ya mfukoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mashine za kuoshea zikachukua nafasi ya bakuli la benzini, na sheria ya Marekani ya 1972 ya kulinda wanyama wa baharini ikafunga mlango wa mafuta ya pomboo. Mafundi wanaohudumia saa za reli sasa hutumia mafuta ya maabara, ambayo hukawia zaidi kuganda, lakini kijiti cha kusafishia matundu bado kimo mezani.